Maji Yakipwa: Kwa Miguu kutoka Pangani hadi Saadani

Pangani na Saadani ni bandari mbili za kale za mwambao wa Tanzania ambazo katika karne ya 19 zilipokea misafara ya pembe za ndovu kutoka bara, na ambazo leo moja ni makao makuu ya wilaya na nyingine ni kijiji cha wavuvi kilichozungukwa na hifadhi ya wanyama. Kati yake kuna zaidi ya kilomita 65 za pwani, nazo huanza kwa sehemu ambayo msafiri hapigi hata hatua moja, kwa kuwa mji wa Pangani umejengwa kwenye ukingo wa kaskazini wa mlango wa Mto Pangani, yaani pale mto unapoingia baharini, na kila aendaye kusini hana budi kusimama kwanza gatini, akate tiketi na kuvushwa hadi Bweni, kijiji kilicho ng'ambo. Kwa mwenye gari huo ni usumbufu mdogo. Kwa aendaye kwa miguu kivuko ndicho kinachoamua kama atafika Ushongo, kusini mwa Bweni, akiwa amekanyaga mchanga mgumu au akiwa amezama hadi vifundoni katika mchanga laini, kwa sababu njia iliyo bora kuliko zote upande wa kusini ni ufuo wenyewe, na ufuo haupitiki isipokuwa bahari imeruhusu.

Lugha yenyewe imeliwekea jambo hili maneno ya kutosha. Mtu huvuka, lakini chombo humvusha, na neno kivuko, lililotokana na kitenzi hichohicho, hutumika kwa mahali pa kuvukia na kwa chombo kinachovusha, kiasi kwamba mkazi wa Pangani akisema kivuko kimeharibika hakuna anayedhani kwamba gati limebomoka. Pantoni ni jina la chombo chenye umbo maalumu, kipana, chenye sakafu bapa ya kubebea magari na mlango wa chuma ambao ukilazwa ufukweni hugeuka daraja dogo. Ng'ambo ni upande wa pili wa maji, upande wowote ule, kwa kuwa aliyeko Bweni naye huiita Pangani ng'ambo, jambo linalofanya neno hilo liwe gumu kidogo kwa mchoraji ramani ingawa halimsumbui mvukaji.

Mto wenyewe, ambao ukipimwa pamoja na vyanzo vyake una urefu wa takriban kilomita 500, hupata maji yake mbali na hapa. Kikuletwa hutoka kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro, Ruvu hutoka upande wa mashariki wa Kilimanjaro na Ziwa Jipe, na mito hiyo miwili hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, kabla ya mto mmoja kuteremka kupitia Korogwe na kupita kwenye mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani. Baada ya maporomoko nchi inakuwa tambarare, mto unapoteza haraka yake, na bahari nayo inapata nafasi ya kupanda. Mara mbili kwa siku maji ya chumvi huingia mtoni na kuusukuma mto nyuma, na kwa kuwa mabwawa na kilimo cha umwagiliaji huko juu vimepunguza maji matamu yanayofika chini, chumvi hiyo siku hizi hupanda mbali zaidi kuliko zamani na kuharibu mashamba ya kandokando. Maji yanayoonekana kutoka gatini kwa hiyo si ya mto tu wala si ya bahari tu, na nahodha wa kivuko hufanya kazi yake kwa kuzingatia hilo: maji yanapotoka huelekeza chombo juu kidogo ya gati la ng'ambo ili mkondo ukishushe hadi mahali pake, na yanapoingia hufanya kinyume.

Kivuko cha sasa, MV Tanga, huendeshwa na Wakala wa Ufundi na Umeme, unaojulikana kwa kifupi kama TEMESA, ambao ndio wenye dhamana ya vivuko vya serikali nchini. Uvukaji wenyewe ni wa dakika chache tu, na anayetaka kuuelewa hana haja ya kutazama saa, bali atazame mteremko wa zege unaoingia majini kila upande. Maji yakiwa yamejaa, mlango wa chuma hulala kwenye zege kavu iliyo juu, na abiria hushuka bila kulowa. Maji yakiwa yamekupwa sana, chombo hutua chini kabisa, mahali ambapo zege imekuwa chini ya maji kwa saa nyingi na imeota utando wa kijani unaoteleza, na hapo ndipo ujuzi wa kila mmoja huonekana: mwenye pikipiki huzima injini na kuisukuma, mwenye baiskeli iliyofungwa gunia la nazi huita mtu wa kumshikia nyuma, na mama aliyebeba ndoo ya samaki kichwani huvua kandambili, akazishika mkononi na kupanda kwa nyayo tupu, ubavu kidogo, bila kuigusa ndoo. Waendao kwa miguu hupanda na kushuka kwa kupishana na magari, na ingawa kanuni huwataka wasubiri, wengi huwa wameshafika mlangoni kabla haujagusa zege. Ni watu wengi. Bweni ni kijiji ambacho soko lake, hospitali yake na ofisi zake za wilaya ziko ng'ambo, kwa hiyo kwa wakazi wake kuvuka si safari bali ni sehemu ya siku, kama vile kwenda kisimani kulivyokuwa kwa wazee wao.

Historia ya Pangani mara nyingi huandikwa kwa kuutazama mto kwa urefu wake, yaani kama njia ya kupandia bara. Utazamaji huo una msingi wake. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walifika Pangani mwaka 1857 wakapanda kuelekea Fuga, mji wa mtawala Kimweri katika milima ya Usambara, na misafara ya pembe iliyotoka mjini ilipanda kufuata bonde hilo hadi nchi za chini ya Kilimanjaro na Umasaini. Mpagazi mmoja, yaani mtu aliyelipwa kubeba mizigo, alichukua kama frasila 2, na frasila ilikuwa kipimo cha pwani chenye uzito wa karibu kilo 16. Lakini kivuko humtaka mtu autazame mto kwa upana wake, na akiutazama hivyo ataona mambo ambayo urefu huyaficha. Upande wa kaskazini nyuma ya mji ni nchi ya Wabondei, na upande wa kusini huanza Uzigua, ambako mji ulipata sehemu ya nafaka yake. Mashamba ya miwa ya karne ya 19, yaliyomilikiwa na Waarabu na kulimwa na watumwa, yalikuwa kando ya mto huohuo, na sukari yake ilishuka hadi mjini kwa vyombo vya majini. Mji ulioishi kwa chakula na mazao ya aina hiyo haukuweza kuuona mto kama mpaka, kwa kuwa kila siku ulikula kutoka ng'ambo.

Mfano mzuri wa upana huo ni mkonge. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mmea huo kutoka Florida nchini Marekani, ikafika ikiwa imekufa karibu yote, na 62 iliyosalia ikapandwa Kikokwe, shamba la Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki lililokuwa upande wa kusini wa mlango wa mto, mwendo mfupi kutoka mahali ambapo abiria wa leo hushukia. Kutokana na miche hiyo 62 Tanganyika ilikuja kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, ikafikia zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla ya nyuzi za plastiki kuliangusha soko. Anayepanda kilima cha Bweni kwa miguu huuona mkonge kando ya njia, mwingine ukiwa katika mistari ya shamba na mwingine ukiwa umeota ovyo porini, na kwa kweli ni mimea michache duniani ambayo mtu anaweza kuikuta bado karibu na pale ilipoanzia hesabu yake.

Jina la Pangani lilijulikana Ulaya kwa sababu nyingine, miaka michache kabla ya mkonge. Kwa mkataba wa Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikabidhi kampuni hiyohiyo ya Kijerumani utawala wa pwani, na mwezi Agosti wakala wake mjini Pangani, Emil von Zelewski, alipojaribu kuutekeleza kwa ubabe, mji uliwaka. Kiongozi wa upinzani akawa Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa karibu na mji. Katika miezi hiyo aliwakamata wasafiri Hans Meyer na Oscar Baumann, waliokuwa wakirudi kutoka Usambara, akawaachilia baada ya kulipwa fidia, na Meyer akarudi mwaka uliofuata na kukifikia kilele cha Kilimanjaro. Saadani nayo ilikuwa na mtu wake, Bwana Heri, ambaye nguvu zake zilitegemea Wazigua wa nyuma ya mji na ambaye aliendelea kupigana baada ya mwenzake kushindwa. Majeshi ya Kijerumani ya Hermann von Wissmann yaliitwaa miji yote miwili katikati ya 1889, Abushiri akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huo, na Bwana Heri akajisalimisha mwaka 1890. Meli za kivita zilitoka baharini, lakini watu wa pwani waliokuwa wakipigana nazo walikuwa na njia ya ardhini tu kati ya mji na mji, na njia hiyo ndiyo inayozungumzwa katika sura hii.

Msafiri wa miguu akishapanda kutoka gati la Bweni, anaweza kushika barabara ya magari iliyo ndani kidogo au kuteremka baharini. Barabara ni ya uhakika na ni ya vumbi. Ufuo ni mzuri na una masharti, na masharti hayo hayana budi kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayopanga safari nzima. Bahari ya pwani hii hujaa na kupwa mara mbili katika muda unaozidi siku kwa karibu dakika 50, maana yake ni kwamba maji yaliyokupwa leo saa 4 asubuhi kesho yatakupwa karibu saa 5, na baada ya juma moja yatakuwa yamejaa katika saa ileile ambayo leo yamekauka. Zaidi ya hayo, kujaa na kupwa hakulingani mwezi mzima. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana, ambayo katika mwambao huu yanaweza kutofautiana kwa karibu mita 4, na katikati ya vipindi hivyo, mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Jambo ambalo wavuvi hulijua bila kitabu, na ambalo wageni hulichelewa, ni kwamba katika siku za bamvua maji hukupwa kila mara karibu saa 4, asubuhi na usiku, na kujaa karibu saa 10, alfajiri na jioni. Katika siku za maji mafu mpangilio huo hugeuka.

Hesabu inayofuata ni rahisi. Ufuo huwa mgumu na mpana kuanzia kama saa tatu kabla ya maji kukupwa kabisa hadi saa tatu baada yake, kwa hiyo katika siku za bamvua hufunguka saa 1 asubuhi na kufungika saa 7 mchana. Mtu aliyevuka na kivuko cha alfajiri, akapanda kilima na kuteremka upande wa pili kukiwa kumekucha, hukuta bahari ndiyo kwanza inaondoka na mchanga ulioachwa nyuma ukiwa bado na unyevu, mgumu kama sakafu ya udongo iliyopigwa, na kwa mwendo wa kawaida wa kilomita 4 au 5 kwa saa ataifikia Ushongo, iliyo kama kilomita 13 kusini, kabla ya jua kuwa kali. Aliyechelewa kivuko kwa saa mbili kwa sababu ya foleni au chombo kuwa ng'ambo kikisubiri lori, huuanza mchanga huohuo ukiwa na saa mbili pungufu upande wa mwisho. Kwa hiyo dakika za kusubiri gatini hazilipwi gatini. Hulipwa kilomita 15 mbele, pale maji yanaporudi na kumsukuma mtembeaji juu kwenye mchanga mkavu ambao kila hatua ndani yake ni kama hatua moja na nusu.

Majira nayo yana neno lake. Kusi, upepo wa kusini mashariki unaovuma kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, humpiga usoni kila aendaye Saadani, na mwanzo wake huja pamoja na masika, mvua kubwa za Machi hadi Mei, ambazo huujaza mto udongo wa milimani na kuichafua bahari mbali na pwani. Kaskazi, upepo wa miezi ya joto, humsukuma msafiri mgongoni lakini humchoma. Miezi ya katikati ni bora, ingawa hili ni jambo la ladha, na wako wanaoupenda upepo wa kusi kwa kuwa hupoza mwili hata unapouchelewesha.

Mbele ya Ushongo, baharini, kuna Maziwe, kisiwa kilichokuwa na miti na kilichojulikana kwa kasa waliotaga huko, ambacho mawimbi yamekigeuza fungu la mchanga linalotokeza maji yanapokupwa na kuzama yanapojaa. Baada ya hapo pwani hunyoka kuelekea Kipumbwi, kilomita 22 hivi kutoka Pangani, kijiji ambacho vyombo vyake huvuka hadi Unguja, na katika eneo hilo mto mdogo wa Msangazi huingia baharini. Huku hakuna pantoni wala tiketi. Mvukaji hasimami mahali ambapo mto ni mwembamba, ingawa jicho humvuta huko, kwa sababu mto ukibanwa huchimba kina. Hutafuta pale unapotawanyika juu ya mchanga kabla ya kukutana na mawimbi, mahali ambapo uso wa maji una mikunjo midogo isiyotulia, kwa maana mikunjo hiyo ndiyo alama ya kwamba chini ni karibu. Mzigo hupandishwa kichwani, nguo hukunjwa, na miguu huburuzwa badala ya kuinuliwa, ili taa aliyejifukia mchangani aondoke kabla hajakanyagwa. Maji yakiwa yamejaa uvukaji huo hauwezekani, na hapo mtu humwita mwenye mtumbwi, au hukaa akisubiri, kama alivyofanya gatini asubuhi.

Ujenzi wa daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani, ulioanza katika miaka ya mwanzo ya 2020 kama sehemu ya barabara ya lami ya kuiunganisha Tanga na Bagamoyo kupitia Pangani na Saadani, unabadilisha hesabu hii yote. Faida yake kwa magari na kwa mgonjwa anayetakiwa kuvuka usiku haihitaji kutetewa. Hata hivyo daraja ni chombo cha barabara, nacho huvuka pale panapoifaa barabara, ilhali kivuko huvuka pale panapoufaa mji, kutoka kando ya soko hadi mlangoni mwa kijiji. Kwa mama wa ndoo ya samaki swali si kama atavuka bure, bali ni umbali gani atatembea kulifikia daraja na mwingine wa kurudi hadi sokoni, na kwa sababu hiyo wanaofikiri kwamba kufunguliwa kwa daraja ndiko kufungwa kwa kivuko huenda wameuhesabu uvukaji kwa magari tu. Mashua ndogo zinazovusha watu wakati pantoni imelala ni dalili kwamba mahitaji ya waendao kwa miguu yana njia yake yenyewe.

Kusini mwa Kipumbwi vijiji huwa vichache, minazi huachia nafasi vichaka, na Mkwaja, ambayo nyuma yake palikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe, ndiyo ya mwisho yenye umuhimu. Ranchi hiyo iliunganishwa na pori la akiba la Saadani, na mwaka 2005 eneo lote lilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, ya pekee nchini Tanzania ambayo ardhi yake ya nyika inafika hadi baharini. Tembo, nyati na simba wamo. Mpaka wake wa kaskazini uko kwenye Mto Mligaji, ambao katika kiangazi mtu angeweza kuuvuka kwa namna ileile aliyoivukia Msangazi, lakini ng'ambo yake haruhusiwi kutembea peke yake: hulipa kiingilio, na akitaka kwenda kwa miguu huambatana na askari wa wanyamapori mwenye silaha katika njia zilizowekwa. Wengi huishia hapo kutembea, wakasubiri gari chini ya mti. Saadani ya Bwana Heri, ambayo mwaka 1876 wamishonari wa Kiingereza waliifanya mwanzo wa safari zao za kuelekea Mpwapwa na Uganda, iko mbele zaidi, na mchanga wa kuifikia, maji yakiwa yamekupwa, ni mgumu kama ule wa Bweni, ila nyayo zilizomo asubuhi kwa kawaida si za watu.